Jibini Lizidi Unga: Tunamkumbuka Filoména Šuranská wa Jiko la Shule

Wasikilizaji wapendwa wa Oskorušov, za mchana. Tarumbeta mlizozisikia ni za wimbo aliokuwa anaupenda yeye, msidhani nimekosea kanda. Sasa ni saa sita na dakika kumi. Wale mlio kwenye foleni ya kuku wa mayai mbele ya ofisi ya kijiji, mwenye gari la kuku amekubali kuzima injini mpaka nimalize. Ninyi nanyi zimeni midomo kidogo. Ile spika ya kijiji kwenye nguzo ya kanisani inakoroma, najua, fundi ameshaambiwa.

Leo tunamkumbuka Filoména Šuranská. Filoména Šuranská wa nyumba namba kumi na mbili, yenye geti la kijani. Aliyepika kwenye jiko la shule yetu miaka thelathini na miwili. Amefariki Jumanne asubuhi, akiwa na miaka themanini na sita. Narudia kwa wale wasiosikia vizuri, maana nao walimpenda: Filoména, namba kumi na mbili, Jumanne asubuhi, miaka themanini na sita. Tunamzika kesho Jumamosi, saa nane mchana.

Siku zote kwenye kipindi hiki mimi nasoma karatasi ninayoletewa na wafiwa. Leo karatasi nimeiandika mwenyewe. Jitka, binti yake, aliniambia juzi, "Drahuše, hadithi ya mama unayo wewe. Iseme wewe." Basi nitaisema. Na humo ndani mna jambo langu, limenikaa kifuani miaka ishirini na sita. Nalisema hadharani kwa sababu mna watoto, na mna kalamu, na mnaogopa kama nilivyoogopa mimi.

Wasikilizaji wapendwa, Filoména alizaliwa mwaka 1938, hapa hapa, nyumba hiyo hiyo. Baba yake alikuwa seremala. Mama yake alikuwa na ng'ombe mmoja, na huyo ng'ombe ndiye aliyewavusha kwenye vita. Unga ulikuwa wa mgao. Sukari ilikuwa ya mgao. Lakini ng'ombe alikuwa wao. Kwa hiyo mama yake, akitaka kuoka kolachi za sikukuu, vile vimkate vyetu vya mviringo vyenye jibini ndani, alifanya kinyume na watu wote. Aliweka donge dogo la unga na jibini kubwa.

Jibini ninalosema ni lile letu jeupe, la maziwa yaliyoganda. Mnalijua. Maziwa yanakaa pembeni ya jiko mpaka yagande, yanapashwa polepole, yanamwagwa kwenye kitambaa, kitambaa kinatundikwa kwenye msumari, maji ya njano yanadondoka. Cilka, mdogo wake Filoména, ambaye yupo na anatusikiliza sasa hivi pale dirishani kwake, na ambaye dada yake alimwita Filka, alinisimulia hivi:

"Filka alikuwa anakaa chini ya kile kitambaa na kikombe. Anakinga yale maji, anakunywa. Mama anamwambia, wewe mtoto utageuka ndama. Anajibu, basi nifungieni zizini, huko kuna joto kuliko humu ndani."

Ndivyo alivyokuwa, mwenye majibu.

Vita ilipokwisha, ng'ombe hakukaa sana. Mwaka Filoména alipotimiza kumi na tano, ng'ombe alipelekwa ushirika, lile shamba la pamoja la serikali. Wazee mnakumbuka. Mwenyekiti wa ushirika alikuja mwenyewe na kamba. Mama yake Filoména alisimama uani na ndoo tupu. Kuanzia hapo mambo yakageuka: unga ukapatikana, jibini likawa adimu. Wanawake wakaanza kunyoosha jibini. Wanatia semolina, wanatia viazi, wanapaka kidogo kama wanapaka siagi. Filoména hakunyoosha. Alioka kolachi chache, lakini ndani kulijaa. Kanuni yake ilikuwa moja, na ndiyo ninayotaka muishike leo. Jibini lizidi unga. Unga gramu arobaini, jibini gramu hamsini. Jibini lizidi unga.

Mtasema, kolachi yenye jibini zaidi ya unga si itapasuka? Ndivyo walivyomwambia wanawake wa hapa mwaka 1958, alipokuwa anaolewa na Metoděj, mlinzi wa msitu. Siku tatu kabla ya harusi jiko lilikuwa na wanawake tisa. Wa kukanda, wa kuviringisha, wa kuziba, wa kupaka jemu ya plamu juu, wa kunyunyiza zile chenga za siagi na sukari. Bibi mmoja mzee, Mungu amrehemu, akamshika mkono bibi harusi.

"Weye Filka, hilo jibini ni kubwa mno. Likiingia kwenye joko litafumka lote. Utatutia aibu mbele ya ukoo wa mume."

"Linalofumka ni jibini la maji, shangazi. Langu limekauka. Libonyeze."

Bibi akabonyeza. Jibini lilikuwa limelaliwa siku nzima na jiwe la pipa la kabichi, lile la kukandamizia kabichi ya chumvi. Halikutoa hata tone.

"Mh," akasema yule bibi. "Basi oka. Lakini zikifumka, mimi sikuwepo."

Hazikufumka. Zilikuwa kolachi mia saba na kitu, na hazikufumka.

Baada ya kuoka, ikaja zamu ya kugawa. Huku kwetu kila nyumba inapelekewa kolachi za harusi, zimefunikwa kitambaa cheupe. Nyumba ukiiruka, umeitukana, na watoto wao watakumbuka. Filoména akapanga sahani. Baba yake akazihesabu, akaona moja imezidi.

"Hii ya nani?"

"Ya mwenyekiti wa ushirika."

"Aliyemchukua ng'ombe wetu?"

"Huyo huyo, baba. Ana watoto watano. Jibini limetoka kwake, acha lirudi limepikwa."

Baba yake hakusema naye mpaka kanisani. Lakini sahani ilikwenda.

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye aliyeingia jiko la shule yetu mwaka 1969. Akatoka mwaka 2001. Miaka thelathini na miwili. Karibu kila mtu mwenye miaka thelathini mpaka sitini katika kijiji hiki amekula mkononi mwake. Mkiwa kwenye foleni hapo, tazamaneni. Hayo mabega mliyo nayo yalianzia kwake.

Sasa naingia mimi. Mwaka 1991 nilijifungua Blanka. Alikuja kabla ya siku zake, kilo mbili kasoro. Nilikuwa nimelala pembeni ya chumba nyuma ya shuka, kama mzazi anavyolazwa, na maziwa hayatoki. Nalia, mtoto analia, mama mkwe anazunguka na rozari. Siku ya tatu mlango ukafunguliwa bila hodi. Filoména. Mkono huu sufuria ya supu ya kuku, mkono huu sahani ya kolachi tisa. Mnajua desturi, mzazi anapelekewa chakula kitandani mpaka asimame. Lakini wengine wanaacha sahani wanaondoka. Yeye alivuta kiti.

"Kula."

"Shangazi, sina hamu."

"Sijakuuliza hamu. Fungua mdomo."

Nikala moja. Nikasema nimeshiba.

"Umeshiba wewe. Mtoto je? Humo ndani mna maziwa ya lita nzima yamekaa kimya yanakusubiri. Kula ya pili."

Nilikula tatu. Alikuja siku nane mfululizo. Siku ya tano maziwa yakaja, yakalowanisha gauni mpaka mama mkwe akaacha rozari akatafuta taulo. Nasema hivi ili mjue: mimi nilikuwa najua kilichomo ndani ya kolachi ya Filoména. Nilijua kwa mwili wangu.

Hata hivyo, mwaka 1998, nilimshtaki.

Blanka alikuwa na miaka saba, darasa la kwanza. Mwembamba, miguu kama vijiti vya maharage. Mimi kila jioni nampima. Namsimamisha mlangoni nachora alama na penseli, nambana mkono kwa vidole viwili. Mume wangu ananiambia, "Mama Blanka, mwache mtoto, si nguruwe wa Krismasi." Siachi. Nasoma magazeti ya akina mama. Gazeti linasema sukari inaua meno, sukari inaua hamu ya kula. Na huyu mtoto anarudi nyumbani namuuliza, umekula nini shuleni? Anasema, "Kolachi nne, mama!" Na supu? "Supu nimempa Zdeněk wa darasani kwetu."

Kolachi nne! Nikapanda basi kwenda mjini, nikanunua dukani kolachi za jibini zilizofungwa kwenye plastiki, nikageuza nyuma nikasoma. Wanga. Sukari. Mafuta ya mawese. Harufu ya vanila. Jibini jeupe, sehemu nane katika mia. Nane! Nikasimama pale dukani jasho linanitoka. Nikasema, ndicho anachokula mwanangu. Keki ya wanga. Mtaniuliza, wewe Drahuše si ulikula za Filoména ulipojifungua? Nilikula. Lakini hofu iliponishika sikukumbuka tena ladha. Nilikumbuka namba za kwenye plastiki.

Nikarudi, nikakaa mezani, nikaandika barua kwa wakaguzi wa wilaya. Nikaandika kwamba kwenye shule ya Oskorušov watoto wanalishwa vitu vitamu badala ya chakula. Sikuweka jina. Wasikilizaji wapendwa, sisi tunajua barua zisizo na jina ni kitu gani katika nchi hii. Wazee wetu walipoteza kazi na nyumba kwa barua kama hizo. Na mimi niliandika moja, nikaibandika stempu, nikaitupa kwenye sanduku la posta pale karibu na zimamoto. Nilidhani wataleta ushauri. Wataandika, punguzeni sukari. Basi.

Hawakuleta ushauri. Walileta taarifa kwamba mkaguzi anakuja Alhamisi. Na mwalimu mkuu akawaambia wazazi mlangoni: jiko letu ni dogo, watoto thelathini na mmoja tu, wilayani siku nyingi wanatafuta sababu. Ikithibitika watoto wanalishwa peremende, jiko linafungwa. Chakula kitaletwa na gari kutoka mjini, kwenye makopo, kimepikwa alfajiri.

Kichwani nilimwona Blanka na kopo la viazi vilivyopoa, anaangalia dirishani. Huyo asiyekula supu ya moto, atakula kopo? Nilitaka kusema. Sikusema. Nilirudi nyumbani nikaosha madirisha yote.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kolachi. Mwalimu mkuu alimwomba Filoména abadilishe, apike dengu. Akakataa.

"Wameletewa habari za kolachi, waje waone kolachi. Nikipika dengu watasema nimeficha."

Saa kumi na mbili asubuhi gari la maziwa likafika. Filoména akafungua ndoo, akatumbukiza kijiko. Walikuwa wameleta jibini laini, lile la kupaka mkate, linalomwagika kwenye kijiko. Dereva akasema lile kavu limekwisha, chukua hili au acha. Jibini la namna hiyo ukilitia kwenye unga, linafumka lote. Ukitaka lisifumke, unaweka kidogo. Ukiweka kidogo, barua yangu inakuwa kweli.

Mkaguzi alikuwa anafika saa nne. Jiwe la kabichi lingehitaji siku nzima.

Saa kumi na mbili na nusu nikasikia anagonga dirisha langu. Filoména, na aproni, unga mpaka kwenye viwiko.

"Drahuše, wewe una ile mashine ya kukamulia nguo?"

"Yangu imekufa, shangazi. Ila nimemnunulia wifi yangu mpya, ya zawadi ya harusi. Iko kwenye boksi."

"Haijaguswa na soksi ya mtu?"

"Haijatolewa hata kwenye boksi."

"Ilete. Na uje nayo wewe."

Tukaipakia kwenye toroli. Tukaisukuma mpaka shuleni. Akaimwagia maji yanayochemka mara tatu, akaipangusa, akashona jibini kwenye mifuko ya foronya mpya kama anashona mito, akaipanga mle ndani kwa mduara. Mnazijua mashine zile, zikianza kuzunguka zinatembea. Zinaruka jikoni kama mbuzi. Lazima mtu aikalie.

"Panda," akaniambia.

"Mimi?"

"Mimi nina magoti mabovu. Panda, una makalio ya kutosha, hayo nimeyalisha mwenyewe."

Nikapanda. Akabonyeza. Mashine ikanguruma, ikaondoka na mimi kutoka kwenye sinki mpaka kwenye mlango wa stoo na kurudi. Meno yanagongana. Maji ya njano yanatoka kwenye bomba chururu, yanaingia kwenye ndoo. Filoména anacheka mpaka anajifuta macho na aproni. "Drahuše, unakwenda wapi? Rudi, hatujamaliza!" Na mimi juu pale, niliyeandika barua, nakamua jibini la kumwokoa mtu niliyemshtaki, na siwezi hata kulia vizuri kwa mtikisiko.

Tulikamua mizigo miwili. Mzigo wa pili, mlango ukafunguliwa. Mkaguzi amewahi. Mama mmoja wa makamo, koti la kijivu, miwani imening'inia kifuani. Akanitazama juu ya mashine.

"Habari za asubuhi," akasema. "Huyu ni nani?"

"Ni uzito," Filoména akasema.

Mkaguzi akaja. Filoména akazima mashine, nikasogea ukingoni; mkaguzi akafungua kifuniko, akainama, akanusa. Akapitisha kidole pembeni. Akatoa mfuko mmoja, akabonyeza jibini kwa dole gumba, kama yule bibi wa mwaka 1958. Kavu. Akachukua daftari lake, akaandika, huku anasema polepole: "Kifaa cha kukamulia maji. Kipya. Safi." Kisha akanigeukia. "Wewe shuka, mama, umekuwa mweupe kuliko jibini."

Saa tano na nusu kolachi zilitoka kwenye joko. Sabini. Zimevimba, jemu nyeusi inang'aa katikati, chenga zimekuwa za dhahabu. Wala moja haikufumka. Mkaguzi akachagua kumi mwenyewe, moja hapa moja kule, ili asipangiwe. Akaomba mizani. Akazipasua, akachota jibini, akapima. Sisi wote tumesimama ukutani. Mwalimu mkuu, Filoména, mimi, na Cilka aliyekuja kuosha vyombo.

Gramu arobaini na tisa. Hamsini na moja. Hamsini. Arobaini na tisa. Hamsini na mbili.

Kwenye ya sita akavua miwani.

"Nani alikufundisha?"

"Vita," Filoména akasema. "Na ng'ombe."

Mkaguzi akakaa, akaomba karatasi zote za mwezi. Akapiga hesabu na penseli. Halafu akatuambia, na haya nayakumbuka neno kwa neno maana nilikuwa kama mtu anayesomewa hukumu. Alisema kwenye shule nyingi vikombe vya maziwa vinarudi jikoni vimejaa, watoto hawanywi. Alisema hapa watoto hawanywi pia, lakini wanakula. Kolachi mbili za Filoména ni gramu mia moja za jibini, na jibini hilo lina ule ujenzi wa mwili, lina chokaa ya mifupa, na plamu juu inalainisha tumbo. Ukitanguliza bakuli la supu ya mboga, hicho ni chakula cha mchana kamili. Akasema katika shule zake zote alizokagua, hakuna watoto wanaopata maziwa mengi kama hawa wa Oskorušov.

Kisha akaandika kwenye ripoti: jiko liendelee. Wapishi wa shule za jirani waje kujifunza hapa.

Jiko liendelee! Mwalimu mkuu alikimbia korido nzima akipiga kengele ya mapumziko, dakika kumi kabla ya saa. Watoto thelathini na mmoja wakatoka wakipiga makelele bila kujua kwa nini. Zdeněk akauliza, "Kwani shule imefungwa?" Cilka akamwambia, "Imefunguliwa, kenge wee, nenda kale!" Blanka alikula kolachi mbili. Nilisimama mlangoni nikamwangalia anakula. Hakuacha hata chenga kwenye sahani. Na mkaguzi alikula nne, tulihesabu.

Wapishi walikuja kweli. Mwaka ule walikuja kumi na mmoja. Filoména aliwapanga mstari, kila mmoja na mizani yake, akawapitia. "Hii ni kolachi? Hii ni mkate umenusishwa jibini. Rudia." Wifi yangu alipata kitambaa cha meza. Ile mashine haikutoka jikoni tena, ipo mpaka leo.

Na mimi mwaka uliofuata niliona alama ya penseli mlangoni imeruka vidole vitatu.

Wasikilizaji wapendwa, sasa onyo langu, na naomba muweke vijiko chini. Msiende mkasema Drahuše kawaambia watoto wale kolachi asubuhi, mchana na jioni. Sukari ni sukari. Filoména mwenyewe alitoa mara mbili kwa mwezi, mara tatu kukiwa na sikukuu, na kila mara supu ilitangulia. Yule mtoto aliyeniambia nne hakupewa nne. Alipewa mbili, nyingine mbili alibadilishana na supu. Sikuuliza. Hilo ndilo onyo la kwanza: uliza. Na la pili, hizi za kwenye plastiki zinazoitwa za jibini, geuzeni nyuma msome. Kama wanga umetangulia na jibini limefuata mkiani, hicho si chakula cha mzazi wala cha mtoto, hata kama kimechorwa ng'ombe anayecheka. Na la tatu. Mama mwenye wasiwasi, kabla hujashika kalamu, shika kitasa. Nenda jikoni. Pima. Onja. Nilikuwa nakaa hatua mia mbili kutoka kwenye lile jiko. Hatua mia mbili, na nikaandika wilayani. Kidogo tu watoto wenu wangekula makopo.

Filoména alistaafu mwaka 2001. Mume wake Metoděj alikuwa ameshatangulia. Aliendelea kuoka harusi zote za hapa, na kila mzazi aliyelazwa nyuma ya shuka alimwona akiingia bila hodi. Miaka ya mwisho mikono ilitetemeka, akawa anakaa kwenye kiti na fimbo, sisi tunaviringisha, yeye anatugonga vidole. Jumanne asubuhi alikuwa anamenya viazi. Jitka alitoka kwenda kuchukua kuni, aliporudi kisu kilikuwa kimewekwa vizuri pembeni ya bakuli, na mama yake amelala kwenye kiti.

Juzi Jumatano nilikwenda namba kumi na mbili kuwasaidia. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia Jitka kila kitu. Ile barua, ni mimi. Nikangoja anifukuze. Jitka akanitazama, akaendelea kukunja mashuka.

"Mama alijua," akasema.

"Alijua lini?"

"Tangu Jumatatu ile. Mwalimu mkuu alimwonyesha barua, wilaya ilimtumia nakala. Mama akasema, mwandiko huu mbona naupata kila wiki? Wewe si ulikuwa unapeleka vikaratasi jikoni, Blanka asipewe vitunguu, Blanka apewe maziwa ya uvuguvugu, Blanka asikae karibu na dirisha?"

Nikakaa kitandani.

"Alijua, na bado akaja kugonga kwangu? Mbona hakuniambia? Miaka ishirini na sita!"

"Nilimuuliza. Akasema, nikimwambia Drahuše ataona haya, na akiona haya atamtoa mtoto kwenye jiko langu. Na mtoto ndio kwanza ameanza kushika mwili."

Hivyo tu. Hakunisamehe kwa maneno, alimlisha mwanangu.

Kwa Jitka na mume wake, kwa Cilka pale dirishani, kwa wajukuu walioko Brno na Vienna ambao wako njiani, kijiji kizima kinawapa pole. Mmetuachia mama yenu miaka yote hiyo, akatujengea miili yetu. Poleni sana. Na ninyi wengine, leo mkikaa mezani, mtazameni anayewapikia. Mtazameni vizuri, angali hai, na mwambieni.

Tangazo la mwisho kuhusu kesho. Saa nane mchana, kutoka namba kumi na mbili. Kolachi za baada ya mazishi tunazioka kesho asubuhi jiko la shule, wanawake saa kumi na mbili, kila mmoja na mizani. Wabebaji wa jeneza ni sita. Watano ni wanaume wa zimamoto. Wa sita ni Blanka wangu, kiongozi wa kikosi cha zimamoto cha wanawake, ameomba mwenyewe. Padre jana alinipigia simu ana wasiwasi, njia ya makaburini ni ya mlima, jeneza ni la mwaloni, mwanamke ataweza?

Nilimjibu, Baba, tulia. Huyo amekulia kwenye jibini la Filoména. Ataweza.